Ufunguo Uliolika

Kibati cha tatu kilikuwa bado kimetokeza, si zaidi ya unene wa ukucha, na fundi alikuwa amekiinamia na tupa nyembamba kama penseli. Alipitisha tupa mara mbili, akapuliza, akapapasa kwa ncha ya kidole. Bado. Akapitisha mara moja tena.

Silinda ya kitasa ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya ngozi ya kiatu ili meno ya jiliwa yasiichubue. Haikuwa kubwa kuliko gumba. Ndani yake mlikuwa na vibati vitano vya shaba, kila kimoja kimekalia springi yake. Ukiingiza ufunguo usio wake, vibati hutokeza na silinda haizunguki. Ukiingiza ulio wake, vyote hujipanga sawa na ubavu wa silinda, nayo huzunguka. Kitasa hiki kilitoka yadi ya skrepa, kwenye pikapu iliyobingirika, na ufunguo wake ulipotelea hukohuko ilikobingirikia. Kwa hiyo fundi alikuwa anakifundisha kuujua ufunguo mwingine. Alikuwa amechomeka ufunguo wa gari la mteja wake, Mzee Honi, na kila kibati kilichotokeza alikipunguza mpaka kikalingana na wenzake.

"Bwana Orodha," aliita mshona viti kutoka upande wa pili wa banda, "hicho kitasa unakitengeneza au unakinyonyesha?"

"Kikishiba kitalala," alisema fundi bila kuinua kichwa.

Walikuwa wakishirikiana banda moja, mwaka wa tisa sasa. Yeye alikuwa na benchi, jiliwa na makopo ya vitasa vilivyokufa. Mama yule alikuwa na cherehani ya kushonea viti vya magari na marundo ya sponji. Ndiye aliyempa fundi jina la Bwana Orodha. Fundi hakufundishwa kazi hii na mtu. Alijifunza kwa kufungua vitu na kushindwa kuvirudisha. Kitasa cha kwanza alichokifungua maishani kilibakiza springi moja mezani, na mlango wa mwenye gari ukafunguka wenyewe katikati ya barabara, mke wa mtu yumo. Tangu siku hiyo kila alichokitoa alikiandika kwenye kipande cha katoni, kwa namba, na siku ya kukabidhi alikisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka mwenyewe aseme "kipo." Wateja wenye haraka walikereka. Wengine walimcheka. "Mali bila daftari," alikuwa akiwaambia, na methali ile hakuimalizia, maana kila mtu anajua inakoishia.

Katoni ya leo ilikuwa imechomekwa kwenye msumari juu ya benchi. Juu kabisa aliandika: *Pikapu ya kijivu. Kisanduku cha dashibodi. Vilivyokutwa ndani.*

Mwenye pikapu alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya bampa, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza kwenye sauti ya tupa. Walimwita Mzee Honi kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya kuliendesha gari lile hakuwahi kupita kona bila kupiga honi. Aliwapigia watu, mbuzi, vichaka, na nyumba ambazo watu wake walikuwa wamehama. Asubuhi hiyo alipoingia uani alipiga honi mara tatu mbele ya rundo la sponji la mshona viti, akasubiri, akapiga tena. Halafu akaligonga.

"Nilikwambia samahani," alisema sasa, kama aliyehisi kwamba mama yule anafikiria jambo lile.

"Samahani nimeipokea. Ila Mzee wangu, umeipigia honi sponji! Sponji ina masikio?"

"Ilikuwa imesimama kama mtu."

"Mtu wa manjano?"

"Siku hizi watu wanavaa rangi zote," alisema Mzee Honi, naye akacheka, na fundi akatabasamu kidogo akiwa bado ameinama.

Kibati cha tatu kililingana. Akaanza cha nne.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Pikapu za aina ile zilitoka kiwandani kwa namna mbili, ya wenye nacho na ya wenzangu na mimi. Ya wenye nacho ilikuwa na kisanduku cha dashibodi chenye kitasa cha ufunguo. Hii nyingine ilikuwa na kibonyezo cha plastiki tu, na cha Mzee Honi kilivunjika zamani, mfuniko ukawa unazuiwa na gazeti lililokunjwa. Asubuhi fundi alikuwa ameutoa mfuniko, akachonga tundu la mraba kwa patasi na tupa, akanyoosha bati la kitasa lililopinda kwenye ajali, na kupima ulimi wa kitasa ungeingia wapi. Ulibaki ufunguo.

"Kesho saa tisa alasiri mkaguzi anakuja," alisema Mzee Honi. Alikuwa amelisema hilo mara nne tangu asubuhi. "Zahanati saba. Tunachukua vipimo vya damu, tunapeleka maabara, tunarudisha majibu. Majibu ni siri za watu, lazima yafungiwe. Gari bila kisanduku cha kufunga, hakuna kazi."

"Kazi si ya binti yako?" aliuliza mshona viti.

"Ni yetu. Mimi nitaendesha, yeye atashuka na mikoba."

"Yeye mwenyewe amekubali hivyo?"

"Usukani una mwenyewe," alisema Mzee Honi.

Mshona viti alimtazama fundi. Fundi alitazama kibati cha nne.

Alikuwa na sababu ya kutoinua macho. Asubuhi, alipokuwa akitoa vitu kisandukuni, alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya daftari la oili. Aliikunjua, maana karatasi za bima na leseni huziweka mahali pake. Haikuwa bima. Ilikuwa na muhuri wa hospitali ya macho na tarehe ya miezi mitatu nyuma. Daktari alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kama mtu aliyechoka kusema jambo lilelile kwa mdomo: ASIENDESHE GARI. Fundi aliikunja kwa mikunjo yake ileile. Kwenye katoni aliandika: *9. Karatasi moja, imekunjwa mara nne.* Kisha akaendelea na namba kumi, ambayo ilikuwa bolti moja isiyojulikana ya wapi.

Hakumwona Mzee Honi kuwa mtu mbaya. Alifikiri tu kwamba kisanduku kinachofungwa kina faida zaidi ya moja, na kwamba mzee huyu alikuwa amekuja na ufunguo wake mwenyewe, akiwa ameendesha mwenyewe, siku moja kabla ya mkaguzi.

Saa kumi na nusu kibati cha tano kililingana. Fundi alisaga risasi ya penseli ikawa unga, akaupuliza ndani ya silinda, akazungusha ufunguo. Silinda ilizunguka bila kelele. Akaifunga kwenye bati lake, akakaza skrubu mbili, akaupachika mfuniko kwenye bawaba zake, akausukuma. Ulimi ukaingia mahali pake kwa sauti ndogo, *tak*.

"Njoo, Mzee. Jaribu mwenyewe."

Mzee Honi aliinuka. Aliupapasa mfuniko kwa mkono wa kushoto mpaka akalipata tundu, akachomeka ufunguo kwa mkono wa kulia. Akafungua. Akafunga. Akafungua tena. Alifanya hivyo mara sita, na kila mara aliinamisha kichwa kusikiliza ile *tak*.

"Jungu kuu," alisema. "Gari hili lina ukoko bado."

Binti yake aliingia uani akiwa bado anajipepea kwa joto la njiani, bahasha ya kahawia kwapani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vya kazi na ufunguo aliouvaa shingoni kwa uzi mweusi. Aliwasalimu wote, akamuuliza baba yake kama amekula, kisha akaelekea moja kwa moja garini.

"Kimekubali?"

"Kimekubali, mama," alisema Mzee Honi. Alikuwa akimwita hivyo tangu utotoni kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Kama kimezaliwa nalo."

Binti alivua uzi shingoni, akauchomeka ufunguo wake. Uliingia wote. Akazungusha. Haukuzunguka. Akautoa, akaufuta kwenye sketi, akauchomeka tena.

"Fundi, umegoma."

"Usiulazimishe, dada," alisema fundi, akaja haraka kuliko ilivyokuwa kawaida yake. "Nipe. Na wako, Mzee."

Alizichukua funguo zote mbili, akazibandika mgongo kwa mgongo, akaziinua kwenye mwanga wa uani. Zilitoka kwa mchongaji mmoja, siku moja, miaka ishirini na sita iliyopita. Mmoja ulikaa mfukoni mwa Mzee Honi pamoja na sarafu, ukaingia na kutoka kwenye swichi mara kumi kwa siku. Mwingine ulikaa kabatini ndani ya kikombe mpaka mwaka juzi, binti alipopata leseni. Huu wa binti ulikuwa na meno. Wa Mzee Honi ulibakiwa na ufizi.

"Kosa ni langu," alisema fundi.

"Kosa gani? Mzee alisema funguo ni pacha."

"Zilikuwa pacha. Swichi na milango imezeeka pamoja na huu wa Mzee, imelegea, inampokea yeyote. Hiki kitasa ni kigeni. Nimekichonga kwa kufuata huu uliolika, kwa hiyo kinaujua huu tu. Nilipaswa kuomba zote mbili kabla sijashika tupa." Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea katoni. "Sikuomba."

Mshona viti aliacha kukanyaga cherehani.

Uso wa Mzee Honi ukafunguka polepole, kama wa mtu aliyetafuta kitu chumba kizima na kukikuta mkononi.

"Basi kitasa kimesema," alisema. "Kimemjua mwenye gari."

"Baba."

"Nini? Si mimi niliyekichonga."

"Baba, fomu hii hapa." Binti alitoa karatasi kwenye bahasha. "Ufunguo wa kisanduku unakaa kwa dereva, mmoja tu. Wa akiba unatiwa lakiri na mkaguzi, unabaki ofisini kwao. Na dereva aliyejazwa humu ni mimi. Picha ni yangu. Leseni ni yangu."

"Fomu inaandikwa upya. Fundi, mchongee na yeye wa kwake kwa mfano wa wangu, tuondoke."

"Naweza," alisema fundi. "Lakini ufunguo uliolika ukiuiga, umeiga na ugonjwa wake. Huu wako unaendelea kulika kila siku, Mzee. Baada ya miezi michache hautakufungulia hata wewe. Kitasa cha majibu ya watu hakifai kufuata ufunguo unaokwisha."

"Panua basi vibati, vipokee zote mbili."

"Vikipokea zote mbili vitapokea na kijiko. Mkaguzi atajaribu kwa kijiko. Wanajaribu."

"Wewe fundi una majibu kama hakimu."

"Sijahukumu," alisema fundi. "Naweza kuanza upya kwa huu wa dada. Vibati nilivyokata havirudi, shaba iliyoliwa na tupa imekwenda, lakini nina vingine kopo zima. Ila gari ni lako. Siwezi kulibadilishia ufunguo bila neno lako."

Wote walimtazama Mzee Honi. Naye alikuwa ameshika mfuniko wa kisanduku kwa mkono mmoja, anaufungua na kuufunga kidogokidogo bila kuuachia ufike mwisho.

"Jua linashuka," alisema hatimaye. "Nipe vitu vyangu nikalale. Neno nitalitoa asubuhi."

"Asubuhi hatutawahi, Baba."

"Nimesema asubuhi. Bwana Orodha, soma orodha yako."

Fundi aliitungua katoni msumarini. Mkono wa kushoto alishika sanduku la mbao alimovipanga vitu vya Mzee kwa mfuatano. Katika miaka yote hakuwahi kuruka namba. Aliwaza kwamba anaweza kuiruka moja. Aliwaza pia kwamba akiiruka, karatasi itabaki sandukuni, na yeye atakuwa amechukua upande katika jambo la nyumba isiyo yake. Akiisoma pia amechukua upande. Hakuona jinsi ya kulipita, basi akafanya alichozoea.

"Moja. Miwani, kioo cha kushoto kina ufa."

"Ipo."

"Mbili. Tochi, betri zimevuja."

"Ipo."

"Tatu. Plagi kuukuu nne, ndani ya soksi."

"Soksi ya nani?" aliuliza mshona viti.

"Ya kushoto," alisema Mzee Honi. "Zipo."

Kitana. Kofia ya sufu. Ganda la kaseti, tupu. Kijiko, ambacho mshona viti alisema kiwekwe karibu kwa ajili ya mkaguzi. Daftari la oili, jalada jekundu. Binti alipokea kila kitu na kukiweka kwenye kiti cha mbele. Alikuwa anafanya haraka, kwa hasira aliyokuwa ameikunja vizuri.

"Tisa," alisema fundi. "Karatasi moja, imekunjwa mara nne."

Hakumnyoshea binti. Alimnyoshea Mzee, akasubiri mkono wake uje uipate. Ulikuja, ukapita upande, ukarudi, ukaipata.

Mzee Honi hakusema "ipo." Aliigeuzageuza.

"Umeandika karatasi tu?"

"Nimeandika ilivyo kwa nje."

"Na kwa ndani?"

"Kwa ndani ni ya mwenyewe."

Binti alisimama na mkono wake wazi, akisubiri kitu kingine cha kuweka kwenye kiti. Aliangalia karatasi, akamwangalia fundi, akamwangalia baba yake. Hakuuliza. Angeuliza, labda mzee angeitia mfukoni na kusema ni risiti ya betri. Kwa kuwa hakuuliza, kimya kilimwangukia Mzee peke yake, na hakuwa na wa kumtupia.

"Shika, mama," alisema. "Nisomee. Miwani yangu ina ufa."

Binti aliikunjua na kuisoma, si kwa sauti. Haikuwa ndefu. Aliisoma tena kutoka juu, penye tarehe.

"Miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Na juzi tulikwenda mjini. Uliendesha wewe, na watoto nyuma."

"Niliendesha polepole."

"Ulipiga honi njia nzima, Baba. Nilidhani ni furaha."

Mshona viti alikuwa ameshika uzi mdomoni. Hakuutoa.

Mzee Honi aliketi kwenye stuli yake. Alitoa mfukoni kishikizo cha funguo, akahangaika na kile kipete cha chuma. Binti alinyoosha mkono kumsaidia. Mzee akauondoa mkono wake kwa upole, akaendelea kuhangaika mwenyewe mpaka ufunguo wa akiba wa nyumba ukatoka, ukarudi, na ule wa gari… Hapo akakumbuka kwamba ule wa gari hakuwa nao. Ulikuwa bado kwa fundi.

"Kumbe unao wewe," alisema.

"Ninao."

"Basi toa vibati vyangu. Weka vya kwake."

Fundi alisubiri kidogo, kama anavyosubiri gundi ikauke. "Umesema asubuhi, Mzee."

"Nimesema sasa. Utaandika na hilo?"

"Nitaliandika."

Akaliandika. Kisha akamrudishia ufunguo wake uliolika, na Mzee akapitisha dole gumba pale palipokuwa na meno.

"Na huu niufanye nini?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kumfariji mteja kwa maneno asiyoyapima, kwa hiyo aliuchukua ufunguo ule, akalizunguka gari, akaujaribu upande wa kushoto, kisha akarudi.

"Bado unafungua mlango wa abiria," alisema. "Bila shida."

Mshona viti alikohoa, na baada ya muda Mzee Honi alicheka, cheko fupi, la puani.

Fundi akarudi kwenye benchi. Alifungua skrubu mbili, akaichomoa silinda, akakiondoa kibati kimoja baada ya kingine kwa kibano na kuvipanga kwenye kifuniko cha kopo. Kisha akamwaga kopo la vibati vya akiba juu ya kitambaa cheupe, akachomeka ufunguo wa binti, akaanza kuchagua. Cha kwanza alikipata mara moja. Cha pili na cha tatu alivitoa kwenye kitasa cha mlango kilichokatika shingo. Cha nne kilihitaji tupa kidogo. Cha tano hakikuwapo. Alipekua kopo mpaka mwisho, akapekua na kopo la pili. Vyote vilikuwa vifupi, na kibati kifupi hakirefushwi.

Mwanga wa uani ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Kwa kazi ya vibati alihitaji mwanga mweupe.

"Kimoja kimekosekana," alimwambia binti. "Yadi ya skrepa inafunguliwa saa moja asubuhi. Kuna pikapu nyingine pale, milango yake niliiona. Njoo saa nne. Mkaguzi ni saa tisa?"

"Saa tisa."

"Njoo saa nne."

"Na kisipopatikana?"

"Nitakuambia saa nne."

Hakumpa zaidi ya hapo, naye hakudai. Fundi alifunga mfuniko wa kisanduku kwa waya, akausokota mara tatu, akaikunja ncha isije ikamchoma mtu goti. Tundu la mraba lilibaki wazi katikati ya mfuniko. Namba kumi, bolti isiyojulikana ya wapi, aliitia mfukoni mwa Mzee, naye akasema ipo.

Mzee Honi alifungua mlango wa kushoto kwa ufunguo wake, ingawa haukuwa umefungwa. Alipanda, akaweka fimbo kati ya magoti, akalipapasa lile tundu kwa kidole, akauvuta mkono. Binti alimwomba ufunguo, akawasha gari, akarudi nyuma kwa uangalifu, akalikwepa rundo la sponji kwa nafasi ya kutosha watu wawili. Kwenye kona ya kutokea uani alipunguza mwendo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaanza kutoka.

Mkono wa mzee ulivuka kutoka upande wa abiria, ukautafuta usukani, ukapiga honi.

"Haya," alisema mshona viti, na kuanza kuifunika cherehani.

Fundi alitumbukiza silinda kwenye kikopo pamoja na vibati vinne, akatia na ufunguo wa binti aliomwachia kwa uzi wake. Leo wangefika nyumbani kwa ufunguo wa baba. Kisha akachukua penseli iliyobaki risasi nusu, na chini ya katoni akaandika: *Kesho. Kibati kimoja, kirefu. Omba funguo zote mbili kwanza.*

Akaichomeka katoni kwenye msumari.